Dendriti: Tawi au Mzizi?

Anayeandika habari za betri za lithiamu kwa Kiswahili hukwama mapema kwenye neno dendriti. Asili yake ni neno la Kigiriki la mti, na wengi tumelifasiri kuwa tawi. Kwa betri yenye elektroliti ya majimaji, sina ugomvi nalo. Wakati wa kuchaji, lithiamu hutua juu ya elektrodi. Penye kinundu mkondo hujazana, kinundu kikarefuka na kuchipua, hata kikagusa elektrodi ya pili. Betri hupiga shoti, pengine ikawaka moto.

Dawa iliyopendekezwa ni elektroliti yabisi (wengine husema mango, yabisi lanitosha). Mwaka 2005 Charles Monroe na John Newman, wa Berkeley, Marekani, walikokotoa kwamba yabisi lenye ukakamavu wa takriban mara mbili ya ule wa lithiamu lingekikandamiza kinundu kisikue. Nayo lithiamu ni laini, hukatwa kwa kisu. Kauri ya LLZO, elektroliti yabisi iliyotangazwa mwaka 2007, inaishinda kwa ukakamavu zaidi ya mara kumi. Hata hivyo lithiamu iliipenya.

Hesabu haikukosewa, ilihusu yabisi zima, lisilo na ufa. Kauri halisi ina mikwaruzo na nyufa ndogo mno. Lithiamu inayojijenga ndani ya ufa hukosa pa kwenda, shinikizo hupanda, ncha ya ufa ikapasuka, nayo ikasonga mbele. Ndivyo mizizi ya miti inavyozifanya kuta za magofu ya Gede: haizishindi kwa ugumu, huingia palipolegea kisha ikanenepa. Ndiyo maana kwenye elektroliti yabisi naandika mzizi wa lithiamu. Tawi humfanya msomaji awazie nafasi wazi, nayo humo haimo.

Mlinganisho una mpaka wake: mzizi wa mti haurudi nyuma, lithiamu hurudi. Betri inapotumika, lithiamu huondoka na kuacha vishimo mpakani mwa elektrodi na kauri. Mkondo wote hubebwa na sehemu chache zinazogusana bado, na chaji ifuatayo mizizi huanzia hapo. Mafundi hujibu kwa kuibana betri ili vishimo vizibe. Lakini lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 180 za Selsiasi hivi, kwa hiyo hata katika joto la chumbani haiko mbali sana na kuyeyuka. Ikibanwa kupita kiasi hutambaa polepole kama nta iliyopata jua, ikaingia kwenye nyufa zilezile.