Vespa: kiwanda kilichokimbia vita na mguu wa mbele uliotoka kwenye ndege

Kila aliyepanda pikipiki juu ya mawe ya volkano hapa Goma anajua kazi ya amotisa, ile ambayo wengine wanaiita shokapu. Ikikufa, kila jiwe linaingia mgongoni. Leo tunasimulia historia ya mguu wa mbele wa Vespa, kwa sababu ndani yake kuna habari ya watu waliohamishwa na vita.

Kiwanda cha Piaggio kilikuwa Pontedera, inchi ya Italia, kikitengeneza ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilipigwa mabomu na kuharibika vibaya. Kazi ikahamishiwa kaskazini, eneo la Biella. Huko ugenini mafundi walianza kujaribu pikipiki ndogo ya bei nafuu, maana walijua kwamba vita ikiisha, watu watahitaji kusafiri kwenye barabara zilizobomoka. Ile ya kwanza, iliyopewa jina Paperino, haikumpendeza mwenye kiwanda, Enrico Piaggio. Akamuita Corradino D'Ascanio, injinia wa ndege na helikopta, aanze upya.

D'Ascanio hakupenda pikipiki. Aliona zinachafua nguo, na tairi ikitoboka, kuifungua ni taabu. Basi akatumia ujuzi aliokuwa nao. Kuna ndege ambazo gurudumu lake la kutulia chini linashikwa na mkono mmoja tu, upande mmoja. Akafanya vile vile mbele ya Vespa. Fundi anafungua upande mmoja, na gurudumu linatoka kama la gari. Ombi la kulinda uvumbuzi wa pikipiki hiyo nzima liliwekwa mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946. Mwaka ule zilitoka Vespa 2,484. Mwaka uliofuata 10,535.

Lakini mguu ule haukuwa kamili. Vespa ya kwanza, ya 98 cc, ilikuwa na springi mbele bila amotisa ya mafuta, na nyuma hapakuwa na springi kabisa. Springi peke yake inapokea jiwe, kisha inarudisha teke: pikipiki inaendelea kuruka hata kama shimo limepita. Amotisa ya mafuta ndiyo inayotuliza mruko huo. Mwaka wa 1948, ile ya 125 cc ilipata springi ya nyuma, na baadaye amotisa za mafuta zikafuata.

Ikabaki shida moja: kuinama. Ukifunga breki ya mbele, nguvu yake inauvuta ule mkono kwenda juu, springi inajikunja, pua inazama. Mwaka wa 1977, Vespa za aina ya PX zilikuja na mguu wa mbele uliopangwa upya ili kupunguza shida hiyo.

Hadi leo wenye Vespa za zamani wanaboresha mguu huo. Fundi mwenye akili haanzi kwa kununua amotisa mpya. Kwanza anainua pikipiki, anatikisa gurudumu, anaangalia kama mkono umelegea kwenye ekseli yake na kama beringi za usukani zimeisha. Kisha anachagua springi na amotisa zinazopatana. Springi ngumu na amotisa dhaifu ni kuongeza mateke tu.

Sisi pia tunajua kutengeneza kwa kile kilichopo. Chukudu yetu ni ya mbao, na magurudumu yake yanavalishwa mpira wa tairi kuukuu. Mpira huo unapunguza kidogo ukali wa mawe. Aliyefikiria hivyo na D'Ascanio walijiuliza swali moja: mzigo utapitaje kwenye njia mbaya?

Katika kambi zetu wamo mafundi wa garaji na maseremala walioacha funguo na misumeno yao kijijini. Mafundi wa Piaggio walipewa mahali pa kufanyia kazi kule Biella, na vita ilipoisha walikuwa na kitu mkononi. Wewe mwenye garaji mjini, fundi mkimbizi akikuja kuomba kazi, mpe pikipiki moja aifungue. Mikono yake itakuonyesha alikotoka.