Jiwe la Ilesi na Maana ya Bunilizi ya Kisayansi

Msafiri anayetoka Kisumu kwenda Kakamega huliona jiwe la Ilesi kabla hajaingia mjini. Limesimama juu ya kilima, mwamba mmoja umeubeba mwingine ulioinama kama kichwa, na maji yanachuruzika kutoka juu. Watu huliita jiwe linalolia. Mwandishi chipukizi akilitazama hakosi hadithi, ila hadithi hiyo inaweza kuwa ya aina mbili zilizo mbali sana.

Akisema kwamba jiwe ni mzee aliyegeuka mwamba kwa majonzi, na machozi yatakoma siku mwanawe atakaporudi, ameandika fantasia. Msomaji hamdai maelezo. Ajabu hukubaliwa ilivyo, mradi ulimwengu wa hadithi usivunje sheria zake wenyewe.

Lakini tuseme ameupeleka mji wa Kakamega hadi mwaka 2150. Mvua haijanyesha kwa miaka tisa, jiwe bado linatoa maji, na mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anapanda kilima na vipimo vyake kutafuta yanakotoka. Hii sasa ni bunilizi ya kisayansi, na mwandishi anadaiwa sababu. Sababu hiyo anaweza kuibuni atakavyo, ila sharti ipatane na yanayojulikana kuhusu maji, miamba na joto, au mwandishi aoneshe kwa hoja mahali ambapo ujuzi wetu wa leo ulipungukiwa.

Kiswahili kina majina kadhaa kwa utanzu huu. Wapo wanaosema hadithi za kisayansi. Jina hilo ni jepesi kutamka lakini linapotosha, kwa kuwa mtu anaweza kudhani ni masimulizi ya kweli kuhusu wanasayansi, kama vile maisha ya Wangari Maathai kabla ya siasa na miti. Wengine husema riwaya ya kisayansi, na hapo hadithi fupi, tamthilia na filamu zinafungiwa nje. Bunilizi, lililozaliwa na kitenzi buni, linazichukua zote na kutangaza wazi kwamba kilichomo kimebuniwa. Ndilo linalofaa zaidi. Hata Kiingereza hakikulipata jina lake mara moja: Hugo Gernsback alipoanzisha jarida la Amazing Stories huko Marekani mwaka 1926, alishikilia neno “scientifiction”, ambalo halikudumu.

Mifano ya nyumbani ipo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, wajumbe wanatumwa hata mbinguni, lakini msomaji hapewi maelezo ya kisayansi ya safari hiyo. Hiyo ni fantasia yenye shabaha ya kisiasa. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002, nayo iko upande huo. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inasogea mpakani: Dzombo amehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anatua katika nchi ambayo jina lake limefumbata maneno “wale ni sisi”.

Anayetaka kuiona bunilizi ya kisayansi ikiwa imekomaa aitazame Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi wamefungiwa ndani, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na umeme huzalishwa kwa nguvu za miili yao. Kila ajabu ina mtambo wake. Ndiyo maana Asha anapoitoa akiba yake ya maji kwa ajili ya mche mmoja, mtazamaji anajua hasa gharama yake.

Kwa anayeanza, Kamusi ya Fasihi ya Wamitila, ya mwaka 2003, itamnyooshea istilahi za uhakiki. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990, ina manufaa makubwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mhusika wa maabara asiyekuwa na maneno ya kazi yake hasadikiki. Wanaosoma Kiingereza watafute toleo la jarida la Jalada la mwaka 2015 kuhusu mustakabali wa Afrika.

Kakamega yenyewe ni ghala la malighafi ya hadithi. Msitu wake ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo, na waelekezaji wa Buyangu na Isecheno wanaijua miti na ndege kwa majina. Huko Rosterman kuna historia ya machimbo ya dhahabu ya miaka ya 1930. Mwandishi wa fantasia anao amanani, mazimwi wa ngano za Waluhya, na bibi yeyote mwenye kumbukumbu nzuri atamsimulia zaidi ya kitabu.

Mswada ukishaiva, upo mlango wa kubisha: Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata kazi ambazo bado hazijachapishwa.