Vumbi la Johannesburg: Mapafu ya Wachimbaji na Elimu Iliyochelewa Kurudi Nyumbani

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea safari za majahazi: Maskati na Unguja, Lamu na Mukalla, Kilwa na Ngazija. Safari tunayoieleza hapa ni ya nchi kavu. Ilianzia vijiji vya Rungwe na Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanganyika, ikapita Nyasaland na Rhodesia, ikaishia chini ya ardhi ya Johannesburg. Waliokwenda waliiita Wenela, kwa kulifupisha jina la shirika la makampuni ya dhahabu lililowaandikisha, Witwatersrand Native Labour Association. Jina hilo halijafutika: mpaka leo kituo kikubwa cha mabasi mjini Blantyre kinaitwa Wenela, na wengi wanaoshuka hapo hawajui limetoka wapi.

Wazee hao walirudi na blanketi, baiskeli, masanduku ya bati na lugha ya migodini, Fanakalo. Baadhi yao walirudi pia na kifua kisichopona. Johannesburg ulikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo duniani kuyaelewa kwa undani magonjwa ya mapafu ya wachimbaji, na elimu hiyo ilipatikana, kwa sehemu kubwa, kutokana na mapafu ya wahamiaji. Lakini mwenye mapafu alipofunga mizigo kurudi kwao, elimu hiyo haikufuatana naye. Ndiyo habari ya makala haya.

Kwamba vumbi la mgodi huua si jambo lililovumbuliwa Afrika Kusini. Georgius Agricola, katika kitabu chake cha madini kilichochapishwa mwaka 1556, alitaja wanawake wa milima ya Carpathia walioolewa na waume saba mmoja baada ya mwingine, wote wakafa kwa vumbi. Waarabu nao walikuwa na neno lao, sill, kwa maradhi yanayomdhoofisha mtu kidogo kidogo mpaka akabaki mifupa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyahesabu katika al-Qanun miongoni mwa maradhi yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Ulaya ilibishana juu ya hilo kwa karne nyingi, mpaka Robert Koch alipoonyesha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Basi mji wa Johannesburg ulipoanza miaka minne baadaye, mambo mawili yalikwisha kujulikana: vumbi huharibu mapafu, na kifua kikuu huambukiza. Kilichokuwa bado ni kuona namna mambo hayo mawili yanavyokutana ndani ya mtu mmoja.

Yalikutana katika miamba ya Witwatersrand. Dhahabu ya huko, iliyogunduliwa mwaka 1886, imo chembechembe ndani ya mawe magumu yenye silika nyingi, na ili ipatikane ilibidi mawe mengi mno yapasuliwe. Katika miaka ya 1890 zikaingia keekee za kutumia upepo, zikifuatiwa na baruti, nazo zikatoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo likifika mwisho wa njia za hewa, mwili hauwezi kulitoa wala kulisaga. Chembe hai zinazojaribu kulimeza hufa, na pahala pao pakaota makovu. Mapafu hukazana, pumzi hupungua, na kinga ya pafu dhidi ya kifua kikuu huvunjika. Ugonjwa huo ndio silikosisi. Mtu anaweza kuubeba miaka kumi, ishirini au zaidi kabla haujamwangusha, na makovu huendelea kukua hata baada ya kuuacha mgodi.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipokwisha mwaka 1902 na migodi ikafunguliwa tena, ilionekana kuwa wengi wa Wazungu waliokuwa wakishika keekee kabla ya vita walikuwa wamekwisha kufa. Serikali ikaunda tume mwaka huohuo. Mwaka 1911 ikapitishwa sheria ya fidia kwa ugonjwa wa wachimbaji, miongoni mwa sheria za mwanzo za namna hiyo duniani. Mwaka 1912 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa tiba, South African Institute for Medical Research, juu ya kilima cha hospitali mjini Johannesburg. Mwaka 1916 ikaundwa ofisi maalumu ya kuwapima wachimbaji kwa picha za eksirei. Mwaka 1930 wataalamu wa nchi nyingi wakakusanyika Johannesburg, chini ya Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya silikosisi.

Ukiisoma orodha hiyo peke yake utadhani ni habari ya mafanikio. Lakini ofisi ya eksirei ilikuwa hasa ya wachimbaji Wazungu. Mzungu alipigwa picha ya kifua kabla ya kuajiriwa, na kila baada ya muda akapigwa nyingine. Mwafrika, kwa miongo mingi, alipangwa mstari pamoja na wenzake, akatazamwa upesi, akapandishwa kwenye mizani. Akikutwa amepungua uzito ndipo alipodhaniwa kuwa na kifua kikuu. Mizani haiwezi kuiona silikosisi, kwa sababu mwenye silikosisi anaweza kuwa mnene, mwenye nguvu, na tayari ameumia. Kwa hiyo takwimu zilizopelekwa kwenye mikutano ya dunia zilisema kweli zaidi juu ya wachache kuliko juu ya wengi.

Watu wa nchi za joto walikuwa na balaa jingine lililowapata mapema zaidi, nalo ni homa ya mapafu, wanayoiita wengi kichomi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyakazi kutoka kaskazini, hasa Nyasaland na kaskazini ya Msumbiji, walikufa kwa kichomi kwa wingi wa kutisha, wengine katika miezi yao ya mwanzo katika kambi zenye baridi na msongamano. Makampuni yakamwita Almroth Wright kutoka London mwaka 1911 kujaribu chanjo. Baada yake Spencer Lister, wa ile taasisi ya Johannesburg, akaonyesha kuwa vijidudu vya kichomi ni vya aina mbalimbali, na chanjo ya aina moja haizuii nyingine. Chanjo za kichomi zinazotumika leo, za watoto na za wazee, zimejengwa juu ya elimu hiyo hiyo. Lakini vifo havikungoja. Mwaka 1913 serikali ilipiga marufuku kuandikisha watu kutoka kaskazini ya nyuzi 22 kusini mwa ikweta, marufuku iliyolegezwa katika miaka ya 1930, bei ya dhahabu ilipopanda na migodi ikahitaji watu.

Mlango huo ulipofunguliwa tena ndipo watu wa Tanganyika walipoingia kwa idadi ya kuonekana, hasa katika miaka ya 1940 na 1950. Wanyakyusa walikuwa wengi kati yao, na P. H. Gulliver aliandika utafiti juu ya uhamaji wao wa kazi katika miaka hiyo. Wengine walikwenda kwa mkataba, wengine kwa miguu yao wenyewe, wakiongozwa na ndugu waliotangulia. Tangu miaka ya 1950 Wenela ilikuwa na ndege zake, zikitua Francistown, na kutoka hapo garimoshi liliwafikisha Johannesburg. Baada ya uhuru wa Desemba 1961 serikali ya Tanganyika ilikataa kuendelea kupeleka watu wake katika nchi ya ubaguzi, na uandikishaji ukakoma. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Lakini ulikata pia uzi mwembamba uliokuwa ukiwaunganisha waliorejea na madaktari waliojua walichokuwa nacho kifuani.

Hapo ndipo muda wa ugonjwa na muda wa mkataba vilipoachana. Mkataba ulikuwa wa miezi kadhaa, mwaka mmoja au miwili, na ugonjwa ulikuwa wa miaka ishirini. Mtu aliyerudi kwao akiwa mzima wa kuonekana angeanza kukohoa wakati watoto wake wanaoa. Zahanati ya wilayani haikuwa na eksirei, na aliyemhudumia hakuwa na sababu ya kumuuliza alifanya kazi gani ujanani. Ilisemwa ni kifua, ni pumu, ni uzee, ni sigara, au ni jicho la mtu. Kama alikuwa na kifua kikuu, nyumba nzima ilikuwa hatarini. Taasisi ya Johannesburg ilikwisha chapisha ripoti mwaka 1932 juu ya kifua kikuu miongoni mwa Waafrika, ikichunguza namna ugonjwa ulivyofika vijijini pamoja na wachimbaji wanaorejeshwa makwao. Ripoti hiyo ilikuwapo maktabani. Mke wa mchimbaji hakuwa nayo.

Katika sura hii lipo jambo ambalo familia zetu zina haki ya kujivunia. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana baada ya Vita vya Pili, tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na wagonjwa wengi waliiacha katikati. Tiba ya miezi sita, inayotumika sasa dunia nzima, ilithibitishwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, katika majaribio yaliyofanywa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza pamoja na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Kisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, uliojengwa tangu mwaka 1977 kwa ushauri wa Karel Styblo, ukawa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliuchukua katika miaka ya 1990 na kuueneza kila pembe: dawa za uhakika, na mtu wa kumwangalia mgonjwa anapozimeza.

Leo silikosisi haina dawa ya kuiponya. Makovu yaliyokwisha kuota hayafutiki. Linalowezekana ni kumtoa mtu kwenye vumbi, kumpa oksijeni akihitaji, kumchanja dhidi ya mafua makali na kichomi, kumfundisha mazoezi ya pumzi, na kumpima kifua kikuu maisha yake yote. Imethibitika pia katika migodi ya Afrika Kusini kwamba silikosisi na virusi vya UKIMWI zikikutana, hatari ya kifua kikuu haijumlishwi bali huzidishwa.

Majaribio mawili ya karibuni yanaonyesha nguvu ya dawa na mpaka wake. La kwanza, liitwalo Thibela TB, liliwahusu wafanyakazi wapatao 79,000 wa migodi ya dhahabu, waliogawanywa katika makundi 15. Waliopangiwa kinga walipewa isoniazidi kwa miezi tisa, na dawa iliwasaidia wakati walipokuwa wakiimeza. Walipoacha, kinga ikaisha, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa kifua kikuu hakikupungua migodini kwa jumla. La pili ni Nix-TB, lililofanyika Afrika Kusini, ikiwamo Hospitali ya Sizwe mjini Johannesburg. Wagonjwa 109 wenye kifua kikuu sugu kabisa walipewa bedakwilini, pretomanidi na linezolidi. Kwa asilimia 90 yao matokeo yalikuwa mema, katika ugonjwa ambao zamani uliwaua wengi. Kwa hiyo kijidudu kimepata mshindani, lakini vumbi bado halina dawa ila kutolivuta: kulilowesha kwa maji, kulitoa kwa hewa safi, kulipima kila siku.

Mahakama nazo zilichelewa. Chini ya sheria ya mwaka 1973 mchimbaji Mzungu aliyeugua alipata malipo makubwa kuliko mwenzake Mweusi, na tofauti hiyo ya rangi iliondolewa mwaka 1993 tu. Thembekile Mankayi, aliyechimba dhahabu tangu 1979 hadi 1995, alipewa rand 16,320 kwa mapafu yake. Alishtaki, na Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba fidia hiyo ya kisheria haimzuii mchimbaji kumdai mwajiri wake. Mankayi alikuwa amefariki siku chache kabla ya hukumu. Mlango aliouacha wazi ukapitiwa na maelfu: Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano na makampuni sita, na hazina ya rand bilioni 5 ikaundwa, iitwayo Tshiamiso Trust.

Hazina hiyo inawahusu waliofanya kazi katika migodi iliyotajwa kati ya tarehe 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Msomaji aliyefuata tarehe zetu ameona tatizo. Uandikishaji Tanganyika ulikoma baada ya uhuru. Mzee aliyerudi Tukuyu mwaka 1962 yuko nje ya mstari kwa miaka mitatu, ingawa alivuta vumbi lile lile katika mashimo yale yale.

Kwa wengi wao, basi, kilichobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo iko mikononi mwa familia kuliko mikononi mwa serikali yoyote. Nyaraka za uandikishaji, za shirika la TEBA lililoirithi Wenela, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Upande wa pili wa habari uko ndani ya masanduku ya bati: cheti cha mkataba, namba ya kazi, picha iliyopigwa studio, barua. Familia nyingi zilihama tena baadaye, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, London, na sanduku likaachwa kwa shangazi. Mwenye kulijua lilipo na aliulizie sasa. Na anapokutana na mtu mzima anayekumbuka, aongeze swali ambalo zahanati haikuliuliza: babu alikohoa tangu lini, na ujanani alifanya kazi gani?