Bates Motel (filamu ya 1987)

Bates Motel ni filamu ya televisheni ya Marekani iliyorushwa na NBC tarehe 5 Julai 1987. Ilikusudiwa kufungua mfululizo uliochipuka kutoka Psycho (1960), filamu ya kutisha ya Alfred Hitchcock. Mfululizo huo haukutengenezwa.

Richard Rothstein ndiye aliyeiandika na kuiongoza. Norman Bates, muuaji wa Psycho, anafariki, na moteli yake anairithi Alex West (Bud Cort), rafiki aliyempata katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alex anaikarabati, mara vituko vya mizimu vinaanza. Baadhi yavyo ni hila za mtu wa benki anayetaka kumtimua. Kwenye mizimu hiyo ndipo filamu ilipopotea njia. Hofu ya Psycho ilitoka akilini mwa Norman, wala haikuhitaji mizimu. Waandaaji walichukua jengo, wakamwacha mwenyewe.

Anthony Perkins, Norman wa awali, hakushiriki. Kurt Paul, aliyewahi kuigiza matukio ya hatari kwa niaba yake, alishika nafasi hiyo kwa dakika chache.

Psycho IV (1990) iliipuuza kabisa hadithi hii. Mwaka 2013 kituo cha televisheni cha A&E kilianzisha mfululizo mwingine wenye jina hilohilo, ukamrudisha Norman na mama yake, ukadumu misimu 5.