Si Uvimbe, ni Mfukuto

Kipeperushi kimoja cha afya kinachogawiwa siku hizi kinamwambia msomaji kuwa msongo wa muda mrefu “huleta uvimbe katika mishipa ya moyo”. Aliyekitafsiri alilipwa, bila shaka. Aliyekisoma ameondoka na hofu ya kisu. Kwa Mswahili uvimbe ni kitu kinachoshikika: upo shingoni au kwenye kizazi, unapigwa ultrasaundi, unapimwa kwa sentimita, na mwisho wake hutolewa. Katika mishipa inayozungumzwa hapa hakuna uvimbe wa kutoa.

Kosa lenyewe ni la hesabu. Mroma Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne za hali ambayo Kiingereza huiita inflammation: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe basi ni mmoja kati ya ndugu wanne, na wapo waliokaa kikao wakampa yeye jina la ukoo mzima. Sina haja ya kuitaja kamati hiyo. Wajumbe wanajijua, na posho wameshazila.

Lugha nyingi zenye tiba kongwe zilielekea kwenye moto. Kilatini kililitoa jina katika kitenzi cha kuwasha. Wagiriki walisema phlegmone, kutoka phlego, kuunguza. Waarabu wakasema iltihab, na ndani yake mna lahab, mwali, neno ambalo mtoto yeyote wa chuoni amelikuta kwa Abu Lahab katika Sura ya 111. Yuko bingwa mmoja wa pwani anayetaka tulichukue “iltihabu” kama lilivyo. Namheshimu, lakini akivuka Chalinze nalo itabidi atembee na mkalimani.

Kiswahili nacho kilikwisha kuona moto ndani ya ugonjwa: kichomi kimetoka kwenye choma, na hakuna aliyehitaji warsha kulielewa. Ajabu yetu ni baridi yabisi. Viungo vinawaka, mgonjwa hapati usingizi, jina linasema baridi na ukavu, kwa kuwa tuliurithi mpango wa tiba ya kale uliogawa maradhi kwa joto na baridi, umajimaji na ukavu. Hilo nalisamehe kwa uzee wake. “Uvimbe wa mishipa” umezaliwa ofisini, tena juzi.

Neno ninalolitetea, na nimelitetea mbele ya watu waliokuwa wakitazama simu zao, ni mfukuto. Kufukuta ni kuwaka bila ndimi. Moto wa makumbi hufukuta: juu jivu, moshi mwembamba, na mpita njia anadhani umezimika, kumbe chini makumbi yanaliwa usiku kucha. Chumba kisicho na dirisha hufukuta mwezi wa Februari. Na mtu naye hufukuta. Aliyedhulumiwa akanyamaza, tunasema anafukuta moyoni. Kitenzi kimoja kimebeba joto, usiri na uchungu wa nafsi. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala akiwa amelisahihisha kuwa “mvukuto”, kwa wino mwekundu. Mvukuto ni chombo cha mhunzi, kutoka vukuta. Nilimjibu kwa barua ndefu.

Usiri na uchungu si mapambo hapa. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha katika jarida la Lancet picha za watu 293. Waliokuwa na shughuli nyingi zaidi katika amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, ndio waliokuwa pia na uboho wenye kazi nyingi na kuta za ateri zenye mfukuto mkubwa. Na baadaye ndio walioelekea zaidi kupata maradhi ya moyo na kiharusi. Njia inayopendekezwa ni hii: ubongo uliotishika huamsha neva za tahadhari, neva huuhimiza uboho, uboho humwaga seli nyeupe, nazo huingia kwenye utando wa mafuta ndani ya ateri na kuudhoofisha mpaka upasuke. Mgonjwa hahisi lolote. Upo pia mkono wa kutuliza: neva ya vagasi, ambayo Kevin Tracey alieleza mwaka 2002 jinsi inavyorudisha amri ya kupunguza kemikali za mfukuto. Na mwaka huohuo wa 2017 jaribio la dawa ya canakinumab, kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo, lilipunguza mashambulio na viharusi kwa takriban asilimia 15 bila kuishusha kolesteroli, ingawa vifo vya maambukizi viliongezeka. Kilichotulizwa pale kilikuwa mfukuto peke yake. Niambieni ni “uvimbe” gani ulionywea.

Wanaonipinga wana hoja moja, nayo wanairudia: mfukuto tayari ni joto la hewa, msomaji atachanganyikiwa. Mkondo ulikuwa wa maji kabla ya kuwa wa umeme, na sijasikia fundi aliyekwenda kwenye nyaya na mtumbwi. Wimbi likatoka baharini likaingia redioni. Kundi la pili, la vijana wa maabara, linataka tuandike “inflamesheni” tukalale. Wakalale wao. Neno hilo ni tasa. Jaribu kulitoa kitenzi. Mfukuto una fukuta na fukutisha, na muuguzi akimwambia mgonjwa “mishipa yako inafukuta, na hayo unayoyameza rohoni yanachangia”, amemaliza ukurasa mzima wa kile kipeperushi.

Matumizi, kwa kuwa nafasi imebana: mfukuto wa ateri, mfukuto sugu, dawa za kutuliza mfukuto, kipimo cha CRP kiitwe kipimo cha mfukuto. Kifundo cha mguu kilichoteguka kiendelee kuvimba.