Kioo cha Kamera na Ushauri Nilioutoa Vibaya

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo chenye ukubwa wa stempu ya barua, yaani kile kioo kilichomo ndani ya kamera. Usicheke. Kioo hicho kimeamua riziki za watu wengi, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu.

Siku chache zilizopita mpwa wangu alinijia nyumbani jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa karatasi mkobani akaiweka mezani. Alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, na fedha zote alitaka kuzitia katika kamera. Kazi yake ni kupiga picha za harusi, ubatizo na mahafali. Kwa miaka mitatu amekuwa akikodi kamera kwa siku, na kodi hiyo inamla faida.

Karatasi ilikuwa na majina mawili. La kwanza ni Canon EOS 5D Mark II, iliyotumika, anayoiuza mzee mmoja mpiga picha anayeacha kazi. La pili ni Canon EOS R50, mpya, ingali ndani ya boksi, katika zile za bei ya chini wanazoanzia watu. Bei zake hazikupishana sana.

"Mjomba, wewe umekulia studio," akaniambia. "Nichukue ipi?"

Nilinyamaza. Mwaka 2004 swali kama hilo aliniuliza baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa na studio ndogo na akiba ya miaka mingi, akataka kununua mashine ya kusafisha na kuchapa picha za filamu. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba filamu haitakufa katika maisha yetu, na kwamba hizo kamera za kompyuta ni mbwembwe za matajiri. Akanunua. Haikupita miaka mitano mashine ile ikawa imefunikwa kitambaa, juu yake zimepangwa fremu tupu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi safari hii sikujibu papo hapo. Nilimwambia binti anipe siku mbili, nikakaa na historia ya kitu hiki tangu mwanzo. Nilichokigundua ni kwamba mwaka 2004 kosa langu halikuwa kutoijua kamera mpya. Kosa langu lilikuwa kutojua ile ya zamani ilijengwa vile kwa sababu gani.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mpiga picha anataka kuona kile kitakachoonwa na filamu. Katika kamera nyingi za zamani jicho lilichungulia kwenye kidirisha kilichokuwa pembeni ya lenzi. Jicho liliona hivi, lenzi ikaona vile, na kitu kikiwa karibu tofauti hiyo ilitosha kumkata mtu kichwa pichani. Dawa yake ni kuweka kioo nyuma ya lenzi, kimelala mshazari, kirushe mwanga juu kwenye jicho. Mwingereza Thomas Sutton alipata hataza ya kamera ya namna hiyo mwaka 1861.

Lakini kioo kikikaa nyuma ya lenzi kinaiziba filamu. Ni lazima kinyanyuke kabla ya picha kupigwa, kisha kirudi. Shida hiyo iliwasumbua mafundi kwa miongo mingi. Mwaka 1936, katika mji wa Dresden huko Ujerumani, ilitoka Kine Exakta iliyotumia filamu ya milimita 35. Mwenye nayo aliinama na kuchungulia kwa juu, kulia kukiwa kushoto na kushoto kulia. Mwaka 1949, katika mji huohuo, ilitoka Contax S yenye prizimu juu ya kioo, na sasa mtu aliweza kuinua kamera usoni akaona mambo kama yalivyo. Lenzi zake zilifungwa kwa skrubu ya upana wa milimita 42. Naomba uikumbuke skrubu hiyo, maana nitairudia.

Kisha Wajapani wakaingia. Mwaka 1954 kamera ya Asahiflex IIb ilikuwa na kioo kinachorudi chenyewe mara tu picha inapopigwa, mpiga picha asibaki gizani. Mwaka 1959 ikaja Nikon F, iliyokusanya maarifa hayo yote mahali pamoja, na tangu hapo mtu akijiita mpiga picha wa kazi, watu walitazamia kumwona na kamera ya kioo shingoni. Mimi mwenyewe nilijifunzia Zenit ya Urusi, aliyokuja nayo jamaa yetu aliyekwenda kusoma huko. Ilikuwa nzito kama tofali, na sauti ya kioo chake kikinyanyuka ilisikika hadi nje ya mlango wa studio.

Sasa tujiulize. Kwa nini kazi hii yote ya kunyanyua na kushusha kioo? Kwa sababu filamu ni bubu. Haiwezi kukuonyesha inachokiona mpaka isafishwe, na mwanga ukiigusa kabla ya wakati imeharibika. Kioo kilikuwa mjumbe kati ya lenzi na jicho, kwa kuwa filamu haikuweza kujisemea.

Mwaka 1975, katika kampuni ya Kodak huko Marekani, mhandisi Steven Sasson aliunda kamera isiyo na filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na zaidi, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak hiyohiyo ikauza kamera ya kwanza ya namna hiyo kwa waandishi wa habari. Na waliijengaje? Walichukua Nikon F3, kamera ya filamu yenye kioo chake, wakaweka kihisi mwanga pale ilipokuwa filamu. Mwenye nayo alibeba na kisanduku begani cha kuhifadhia picha.

Hapo ndipo penye fundisho. Kihisi mwanga si bubu. Kinaweza kusema chenyewe kinachokiona. Mjumbe hakuhitajika tena, lakini alibakizwa kazini. Sababu zilikuwepo, tena za haki. Vihisi vya wakati ule havikuweza kuonyesha picha inayokwenda bila kusitasita. Mitambo ya kulenga ilitegemea mwanga unaopita kwenye kioo. Na wapiga picha walikuwa na mikoba iliyojaa lenzi za zamani ambazo hakuna aliyetaka kuzitupa. Kwa hiyo Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na kioo. Canon EOS 300D ya mwaka 2003, iliyouzwa Marekani kwa chini ya dola 1,000, nayo ilikuwa na kioo. Zingatia mwaka huo, msikilizaji. Bei ilianguka mwaka mmoja kabla ya shemeji yangu kuniuliza, nami sikuona kwamba jambo hilo linatuhusu.

Tukaja Septemba 2008. Ndani ya mwezi huo mmoja zilitangazwa kamera mbili. Moja ni hiyo Canon 5D Mark II iliyo kwenye karatasi ya mpwa wangu. Ilikuwa fahari ya zama zake. Ilikuwa na pikseli milioni 21 na kihisi kikubwa sawa na filamu ya milimita 35, na ilipiga hata sinema. Picha rasmi ya Rais Barack Obama ya Januari 2009 ilipigwa kwa kamera hiyo. Nyingine ni Panasonic Lumix G1, kamera ndogo ambayo watu wengi waliiona ya kuchezea. Hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kamera za kubadilisha lenzi zilizoondoa kioo na kuweka skrini ndogo jichoni mahali pake. Mfalme alitawazwa mwezi uleule aliozaliwa mrithi wake.

Yaliyofuata hayakuchukua muda mrefu. Mwaka 2012 Kodak, iliyoivumbua kamera isiyo na filamu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka huohuo kamera za kioo zilikuwa kileleni, zikiuzwa kwa mamilioni. Mwaka 2018 Canon na Nikon zote mbili zilitoa kamera kubwa zisizo na kioo. Mwaka 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kuwapa wapiga picha wake vifaa vya Sony, zikiwemo kamera zisizo na kioo, na mwaka huo viwanda vya Japani vilisafirisha nyingi za aina hiyo kuliko zile za kioo.

Sasa turudi mezani kwangu. Waswahili wana methali mbili zisizopatana. Moja inasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine inasema vya kale ni dhahabu. Nilimwambia binti tuziweke pembeni zote mbili, tuziangalie kamera.

Ile ya zamani ina mambo yake. Kihisi chake kina eneo mara mbili na nusu ya lile la R50, kwa hiyo ni rahisi zaidi kumtenga bibi harusi na vurugu iliyo nyuma yake. Betri yake hupiga picha zipatazo 850. Mwili wake umejengwa kwa kazi. Jicho likichungulia linaona mwanga wenyewe, si skrini. Picha iliyomtosha rais mwaka 2009 haikuharibika kwa sababu miaka imepita.

Lakini ina gramu 810 kabla ya kutiwa betri, na harusi zetu zinaanza saa nane mchana na kuisha saa sita usiku. Ina vituo tisa tu vya kulengea, vimejikusanya katikati. Kadi zake za kumbukumbu ni za aina ya zamani inayozidi kuadimika. Na lipo jambo ambalo mnunuzi wa kitu kilichotumika hapaswi kulisahau: kiwanda kiliipima kwa picha 150,000. Mpiga picha anayepiga 1,000 kwa harusi moja hufika hapo baada ya harusi 150. Ni kama kununua gari kuukuu bila kuuliza limekwenda kilomita ngapi.

Na R50, ya mwaka 2023? Ina gramu 375 pamoja na betri na kadi. Inalitafuta jicho la mtu yenyewe na kulishika hata akiwa anacheza. Inapiga picha 12 na zaidi kwa sekunde, wakati mwenzake hafikishi nne. Sinema yake ni kali zaidi, na picha huenda kwenye simu bila waya, jambo ambalo wateja wa mpwa wangu hulidai kabla keki haijakatwa. Upungufu wake ni kwamba betri ni ndogo, mwili ni mwepesi wa kuogopesha, na lenzi inayouzwa nayo ni bahili wa mwanga. Katika ukumbi wenye giza ubahili huo utamwumiza. Lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara kumi kuliko hiyo ikiwa imevutwa hadi mwisho wake.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mkoba wangu. Kioo kilipoondolewa, ile nafasi kilichokuwa kikiichukua kati ya lenzi na kihisi ilibaki wazi. Katika nafasi hiyo inakaa adapta, pete inayounganisha lenzi ya kale na mwili mpya. Lenzi za Canon za tangu mwaka 1987 zinafanya kazi kwenye R50 kwa pete hiyo, na kulenga zinalenga zenyewe. Hata lenzi ya Zenit yangu, yenye skrubu ileile ya milimita 42 iliyoanzia Dresden mwaka 1949, inaingia, ingawa hiyo utailenga kwa mkono.

Basi nilimpa jibu. Nilimwambia, "Mama, kazi yako ni watu wanaotembea, usiku, na sinema juu yake. Chukua mpya, na betri mbili za akiba. Kisha nenda kwa yule mzee umwulize kama atakuuzia lenzi yake ya milimita 50 peke yake. Ungekuwa unapiga picha za watu waliokaa studio, ningekwambia uchukue ile ya zamani bila kusita, mradi pazia lake halijachoka."

Aliandika yote. Kisha akaniuliza kama nina hakika.

Nilimwambia sina. Nilichokuwa nacho mwaka 2004 ni hakika tupu, na tuliona ilikotupeleka. Niliipenda filamu, nikamshauri baba yake kutokana na mapenzi hayo, wala sikumwuliza wateja wake watataka nini. Safari hii nimeuliza kwanza kazi ni ipi, halafu ndipo nikaitazama mashine. Kama nitakuwa nimekosea tena, angalau lenzi itabaki, maana lenzi huishi kuliko kamera.

Alikwenda zake. Mimi nilitoa Zenit yangu sandukuni, nikainyanyua usoni, nikabonyeza. Kioo kikapanda na kushuka, ndani hamna filamu.

Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.