Karatasi na Shehena

Ukifika Gikomba alfajiri, msomaji, utawakuta watu wamelizunguka robota la mitumba lililokazwa kwa kanda ngumu. Robota huuzwa kabla ya kufunguliwa. Mnunuzi husoma alama iliyoandikwa ubavuni, huuliza uzito, hulipa. Ndipo kisu hupita, naye akajua kama amepata mashati mema au matambara. Wachuuzi wa Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni wameizoea bahati nasibu hii. Lakini kabla yao kuna mtu aliyethubutu zaidi: yule aliyelipia kontena zima lilipokuwa bado baharini, naye hajaona hata uzi mmoja wa nguo zilizomo. Alilipia nini? Alilipia karatasi, na habari za karatasi hiyo ndizo nitakazokusimulia.

Zamani za majahazi karatasi haikuwa na kazi kubwa. Mfanyabiashara alipanda chomboni pamoja na tende zake, akaja na kaskazi, akauza kwa mkono wake mwenyewe, akarudi na kusi. Biashara ilipokua, mwenye mali alibaki nyumbani na mali ikasafiri peke yake. Hapo nahodha alitakiwa kutia sahihi hati ya shehena: kwamba amepokea mali kadha wa kadha, kwamba ataifikisha mahali fulani, na kwamba ataikabidhi kwa mwenye hati. Neno hili la mwisho lilizaa kesi mashuhuri.

Turing wa Middelburg, katika nchi ya Uholanzi, alipakia nafaka kwa amri ya Freeman wa Rotterdam, ipelekwe Liverpool. Freeman, kabla hajalipa, aliipitisha hati kwa Lickbarrow na kupata fedha kwayo, kisha akafilisika. Turing kusikia hayo, akampelekea Mason wa Liverpool nakala aliyobaki nayo, na Mason akaichukua nafaka. Je, mali ni ya nani? Mwaka 1787 mahakama ya London ilimpa haki Lickbarrow, kwa kuwa aliipokea hati kwa nia njema na kwa fedha zake. Mahakama ya juu iliitengua hukumu hiyo, kesi ikarudiwa, na mwaka 1794 Lickbarrow akashinda tena. Tangu hapo ilijulikana kwamba kukabidhi hati ni kama kukabidhi shehena yenyewe, ingawa shehena iko katikati ya mawimbi.

Basi, ikiwa karatasi imesimama mahali pa mali, je, mnunuzi aweza kusema, "Ngoja kwanza niione mali"? Swali hili liliulizwa katika kesi ya hopsi, maua yale yatiwayo katika pombe, zilizouzwa kutoka California kwenda Uingereza kwa bei iliyojumlisha gharama, bima na nauli. Mwaka 1911 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza siku zile, lilijibu kwamba hawezi. Hati zikiletwa, alipe. Ni robota la Gikomba hasa!

Lakini sheria imdaiyo mnunuzi hivyo humdai muuzaji zaidi. Muuzaji wa namna hii lazima atoe hati ya shehena, hati ya bima na ankara, na zote ziwe za kweli na kamili. Tazama kesi ya mchele wa Madras. Mapatano yalisema upakiwe mwezi wa Machi au Aprili 1874. Ukapakiwa Februari, isipokuwa magunia 50 tu kati ya 8,200. Mchele ulikuwa ule ule, wala hapana aliyesema umeoza. Hata hivyo mwaka 1877 mnunuzi aliruhusiwa kuukataa. Wengine huiona hukumu hiyo kuwa kali mno. Mimi naiona ya haki, maana mtu asiyeweza kuona mali ana nini cha kushika ila maneno yaliyoandikwa?

Kesi nyingine ilihusu mbolea ya samaki iliyotoka Norway kwenda Japani. Ilibebwa kwanza na meli ndogo hadi Hamburg, ndipo ikapakiwa katika meli kubwa, na hati ikatolewa huko Hamburg. Mwaka 1922 Malodi walisema hati hiyo haitoshi, kwa sababu safari ya kwanza haikuwa na mdhamini. Kama mali ingeharibika kabla ya kufika Hamburg, mnunuzi angemshtaki nani?

Sheria hizi si za ng'ambo tu. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa ilifuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na kanuni zilizokubaliwa Brussels mwaka 1924 zimo pia katika sheria zetu. Kanuni hizo humlazimisha mchukuzi kuandika alama za mzigo, idadi au uzito wake, na hali yake kwa nje. Kwa nje, msomaji! Kontena likiwa limefungwa kwa lakiri, mchukuzi huandika kwamba yasemekana yamo marobota kadha, yeye hakuyahesabu. Mnunuzi asiyelisoma neno "yasemekana" hujuta baadaye.

Mwaka 2023 Uingereza ilitunga sheria ya kuitambua hati ya kielektroniki sawa na ile ya karatasi. Hata hivyo karatasi haijaondoka. Katika bandari kavu ya Embakasi, iliyofunguliwa mwaka 1984, mwenye kontena aliyeandikiwa hati ya kupitishwa mkono kwa mkono hutakiwa kurudisha hati asilia kwanza. Ikiwa imechelewa benki, au jina limekosewa herufi, kontena hukaa, na ada ya kuliweka huongezeka siku kwa siku, ikila faida ya mtu aliyekusanya akiba yake miaka mingi. Hati ikiwa njema, na ushuru umelipwa, lango hufunguliwa, lori hutoka na kushika njia ya Gikomba, wanakongoja wenye visu.